Gitaa la besi hapa pwani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyombo, amplifaya na utunzaji

Napiga besi Dar es Salaam, Jumamosi kwenye kumbi za harusi na Jumapili kanisani. Katikati ya wiki wenzangu huniletea magitaa yao niyarekebishe. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia, mengi yakija kwa simu usiku wa kuamkia shughuli. Nimeyajibu kwa kuangalia hali yetu: joto, chumvi ya hewani, umeme unaopanda na kushuka, na ukumbi wa zege wenye paa la bati. Sauti mbaya nyingi ninazokutana nazo chanzo chake ni gitaa ambalo halijawahi kupangwa, waya mbovu na soketi isiyo na athi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini), hata pale mwenyewe alipolipa pesa nyingi dukani.

Nina pesa ya kuanzia tu. Ninunue gitaa gani?

Chukua la mtumba lenye shingo nzima, uliache jipya ambalo thamani yake yote iko kwenye jina lililobandikwa kichwani. Anayeanza humshauri achukue muundo wa Precision Bass, ule ambao mtengenezaji magitaa Leo Fender aliutoa mwaka 1951 kule California na viwanda vingi vimeuiga mpaka leo. Una pikapu moja (sumaku inayookota mtetemo wa nyuzi), kinobu cha sauti na kinobu cha toni, basi. Vitu vya kuharibika ni vichache, na fundi redio wa mtaani anaweza kufuatilia waya zake zote bila kuhitaji mchoro.

Ukienda kuliangalia, lielekeze kama mtu anayelenga shabaha, jicho likiwa kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, na kichwa cha gitaa kikiwa mbele yako. Shingo iliyojikunja kama upinde inarekebishika. Iliyojisokota, upande wa uzi mnene ukienda huku na wa uzi mwembamba ukienda kule, mrudishie mwenyewe na uage. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), hata kama muuzaji anakuharakisha. Nyuzi nne kwa freti 20 ni noti 80, hazimalizi dakika tano. Unasikilizia noti inayokufa mapema au inayong'ata chuma. Chomeka waya, tikisa kidogo jeki, yaani tundu la waya, zungusha vinobu. Mwombe pia akuoneshe kwamba chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, bado kinazunguka, maana kikiwa kimeganda kwa kutu umenunua shingo ambayo haitarekebishika kamwe.

Usimalize pesa zote kwenye gitaa. Bakiza kama robo kwa nyuzi mpya, waya nzuri moja na kazi ya kulipanga.

Nyuzi nne au tano?

Nne. Ukiwa unapigia kwaya inayoimba kwenye ufunguo wa chini, au umeshazoea kufuata kinanda mkono wa kushoto, uzi wa tano utakufaa baadaye. Kumbuka tu kwamba uzi wa E, ule mnene kuliko wote wa gitaa la nyuzi nne, hutoa mtetemo wa hezi 41 na ule wa B, yaani huo wa tano, hushuka hadi hezi 31, na spika ndogo haiwezi kuutoa vizuri. Utakuwa umebeba uzi ambao watu wanausikia kama mtikisiko tu.

Mwanangu ana miaka kumi na anataka besi. Si ni kubwa mno kwake?

La kawaida lina urefu wa uzi wa sentimita 86, kutoka kwenye kikalio cha kichwani hadi darajani, na kwa mkono wa mtoto freti za mwanzo ziko mbali. Mtafutie la shingo fupi, la sentimita 76. Wapo watu wazima wengi wanaolipenda hilo maisha yao yote.

Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Naichomeka tu?

Hapana, tafadhali subiri. Igeuze usome bamba la nyuma kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, wetu ni 230. Plagi unayonunua Kariakoo ili miguu miwili iingie kwenye soketi yetu inabadilisha umbo peke yake, volti zinabaki zilezile. Nimewahi kuona amplifaya nzuri ikifa hivyo kwenye mazoezi: taa ya mbele iliwaka kwa ukali usio wa kawaida, ukasikika mlio mmoja mkavu, halafu ikaja harufu ya plastiki inayoungua ambayo haikutoka chumbani hadi kesho yake. Mwenyewe alikuwa ameinunua wiki hiyo.

Nunua transfoma ya kushusha umeme, na uwezo wake uwe mkubwa kuliko wati ambazo amplifaya inakula. Kinachosomwa hapo ni wati zilizoandikwa karibu na waya wa umeme, wati za spika ni hesabu nyingine. Za Japani zina nafuu moja: nchi ile ina mikoa ya hezi 50 na mikoa ya hezi 60, kwa hiyo vyombo vyake vingi hutengenezwa kwa vyote viwili. Ya Marekani iliyoandikwa hezi 60 pekee inaweza kupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, basi iguse baada ya nusu saa. Iliyotoka Uingereza haina shida ya volti.

Kama ina swichi ya kuchagua volti, iweke 230 kabla ya kuchomeka na ubadilishe fyuzi pia. Fyuzi ya 120 ni kubwa mno kwa 230, na haitakatika wakati unapoihitaji ikatike.

Na kwenye jenereta: liwashwe kwanza, litulie, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kufunga, amplifaya izimwe kabla ya jenereta. Nyingi nilizoletewa zimeungua ziliungua katika dakika zile mbili za kuwasha na kuzima.

Wati ngapi zinanitosha?

Chumbani, 30 hadi 50. Pamoja na mpiga drams anayepiga kwa mkono mzito, tafuta 200 au 300. Ikiwa ukumbi una mitambo mikubwa na besi yako inaingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti zote), hata 100 zinatosha, kwa sababu amplifaya hapo ni ya kukusikilizisha wewe na wenzako wa jukwaani.

Watu hudhani wati 200 zina sauti mara mbili ya wati 100. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu wa meza ya nyuma anaweza asiitambue. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi. Kwa hiyo kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, ongeza spika, au badilisha spika yenyewe.

Kampuni ya Ampeg ilipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969, wati zake 300 zilikuwa jambo la kutisha, na pamoja na kabati lake la spika nane ilihitaji wanaume wawili wenye migongo imara. Leo amplifaya ya wati 500 inaweza kuwa na uzito wa chini ya kilo 3, ukaibeba kwenye mfuko wa gitaa. Kwa anayetembea na chombo chake kwenye bajaji, hii ni neema ya kweli.

Naweza kuunga spika mbili kwenye amplifaya moja?

Hesabu omu kwanza, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa omu 2. Nyuma ya amplifaya pameandikwa kiwango cha chini inachoweza kubeba, na ukishuka chini ya hapo inachemka, inajizima, au inaungua moja kwa moja. Ya taa, yaani ile yenye valvu, ina sharti jingine: usiiwashe na kuipiga bila spika kuunganishwa, utaua transfoma yake ya kutolea sauti.

Waya wa kwenda kwenye spika uwe waya wa spika. Waya wa gitaa unafanana nao kwa nje lakini ndani una uzi mwembamba uliozungukwa na wavu. Ukiutumia kubebea nguvu ya amplifaya utapata moto.

Na sabufa ya nyumbani?

Kwa sauti ya chini, ukijifunza peke yako, sawa. Besi ya moja kwa moja hupiga kwa mshtuko mkubwa kuliko wimbo uliokwisha kurekodiwa, na spika ya sabufa ikianza kugonga kama mtu anapiga karatasi, punguza hapohapo. Amplifaya ya gitaa la solo nayo ni hivyohivyo. Bora hedifoni na kidude kidogo cha mazoezi, na nyumba nzima italala.

Nikigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki, napigwa shoti. Ni kawaida?

Si kawaida, na usiendelee kupiga. Hili naomba lisomwe polepole.

Nyuzi zako zimeungwa na daraja, daraja limeungwa na jeki, jeki na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi na waya wa athi. Maiki nayo imeungwa hivyohivyo kwenye mikisa. Athi zikiwa nzima, wewe uko salama katikati. Lakini amplifaya ikiwa imechomekwa kwenye soketi isiyo na athi, au ikiwa na hitilafu ndani, nyuzi zinaweza kubeba umeme, na siku mdomo wako unapogusa maiki, mwili wako ndio unaokuwa waya. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maiki ambayo haikuwa na athi. Alikuwa na miaka 27.

Kwa hiyo: usikate mguu wa athi kwenye plagi, wala usiuzibe, hata kama fundi mitambo anasema ndiyo dawa ya mvumo. Omba amplifaya na mikisa vichukue umeme kutoka sehemu moja. Kabla ya kuimba, gusa maiki kwa nyuma ya mkono huku mkono mwingine ukiwa mbali na nyuzi, au tumia bisibisi ya testa kwenye daraja la gitaa. Ikiwaka, zima. Mwite fundi umeme, na kama ni ukumbi wa kudumu au kanisa lenu, mwambie aangalie fimbo ya athi ardhini na afunge kikata umeme cha usalama kwenye saketi ya jukwaa. Ni gharama ndogo sana kwa kanisa ambalo limeshanunua spika.

Sifongo ya kwenye maiki haikukingi. Ikilowa mate, inapitisha.

Basi nitaondoaje mvumo?

Kama mvumo unapungua ukigusa nyuzi, gitaa lako liko sawa. Pikapu zinaokota kelele ya taa na transfoma zilizo karibu, na mwili wako unasaidia kuikinga. Sogea au geuka. Kama unatokea tu ukiunganishwa na mikisa, tumia DI yenye swichi ya kutenganisha athi. Swichi hiyo hukata athi ya waya wa sauti peke yake, ya umeme inabaki mahali pake.

DI ni boksi dogo linalogeuza sauti ya gitaa ili iweze kusafiri mita nyingi hadi kwenye mikisa bila kupoteza toni. Kwa gitaa lisilo na betri napendelea DI ya aktivu, inayopata nguvu ya volti 48 kutoka kwenye mikisa. Kwa gitaa lenye betri, DI ya pasivu, isiyohitaji umeme, inatosha kabisa na inavumilia kuangushwa. Kuwa na ya kwako. Ya ukumbini huwa imeshapita mikononi mwa watu wengi.

Jukwaani sijisikii, lakini watu wa nyuma wanasema besi imezidi. Nifanyeje?

Noti ya E ya chini ina wimbi la zaidi ya mita 8. Wewe umesimama mita moja na nusu kutoka kwenye spika iliyo kwenye usawa wa vigimbi vya miguu yako, ilhali kule mwisho wa ukumbi, kwenye pembe ya kuta za zege, wimbi hilo linarudi na kujirundika. Ndiyo maana kila ukiongeza, wa nyuma wanaumia na wewe bado hujasikia.

Inua spika juu ya kiti au kreti, iinamishe ielekee sikioni. Itoe kwenye pembe. Halafu fanya jambo ambalo vijana wengi hulikataa mwanzoni: punguza kinobu cha chini, ongeza cha kati, pale kwenye hezi 250 hadi 800. Ukiwa peke yako sauti itaonekana kavu, hata mbaya. Drams na kinanda zikiingia, ghafla kila noti inasomeka. Nilimfanyia hivyo mpiga besi mmoja katikati ya mazoezi bila kubadilisha wati hata moja, na kiongozi wa kwaya akageuka kuuliza kama tumeleta amplifaya nyingine.

Na vaa vizibo vya masikio. Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100, dakika 15. Harusi zetu huenda saa sita.

Nyuzi nibadilishe lini?

Zikianza kukataa kutunika, au ukipitisha ukucha chini ya uzi ukakuta vibonde kwenye sehemu zinazogusa freti. Kwa anayepiga kila wiki hapa pwani, nyuzi za kawaida za kukwaruza hupoteza mng'aro ndani ya miezi michache. Kama unapenda sauti ya zamani, nzito na fupi, weka nyuzi laini za bapa. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alisifika kwa kuziacha bila kubadilisha mpaka zikatike. Kwa rumba na dansi zinakaa vizuri sana, na jasho haliingii ndani yake kwa urahisi.

Kuchemsha nyuzi kunasaidia kwa siku chache, kwa kuwa kunatoa uchafu uliojikusanya kwenye mizunguko. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Ni njia ya dharura.

Badilisha mmoja mmoja. Nyuzi nne kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na ukizilegeza zote kwa mkupuo na kuliacha gitaa hivyo, shingo itahama.

Nyuzi zimekuwa juu, vidole vinauma. Nikaze chuma cha shingo?

Pima kwanza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3, unene wa kadi nyembamba. Ikiwa kubwa, shingo imeinama mbele: legeza nyuzi kidogo, zungusha nati kwa alenki kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu. Tuni tena, subiri hadi kesho, pima. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na nyuzi zinang'ata karibu na kichwa, zungusha kinyume chake. Nati ikigoma, acha. Aliyewahi kusikia chuma hicho kikikatika ndani ya mbao hasahau.

Baada ya shingo kukaa sawa ndipo unashusha nyuzi darajani. Kwenye freti ya 17, milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwisho, linganisha mlio wa filimbi wa freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma tandiko la uzi, kile kipande cha darajani unapokalia. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Fuata mpangilio huo, la sivyo utazunguka mchana kutwa.

Masika na kiangazi shingo hubadilika. Nalipima la kwangu kila msimu unapogeuka.

Kutu inanimaliza. Nifanye nini?

Mwezi uliopita niliwekewa mezani besi iliyokaa chini ya kitanda mwaka mzima. Nilipofungua zipu ya kava ilitoka harufu ya koti la mvua lililokunjwa likiwa bichi. Nyuzi zilikuwa za kahawia, kava limeota madoa meupe ya ukungu, na skrubu ndogo za darajani zilikuwa zimeshikana hata alenki ikawa inateleza. Ilibidi nidondoshee mafuta ya kulegezea, nisubiri usiku kucha, nizing'oe moja moja. Mbili zilikatika. Gitaa lenyewe lilikuwa zuri.

Enzi za bendi kubwa za dansi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mpigaji akihama aliviacha. Leo kijana ananunua cha kwake, na kukitunza ni juu yake. Kitambaa kikavu cha pamba kikae ndani ya kava. Ukimaliza kupiga, futa kila uzi juu na chini, futa daraja, futa nyuma ya shingo. Usilifungie gitaa kwenye kava likiwa na jasho. Tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na uvibadilishe. Nyumbani, gitaa linalotundikwa mahali penye hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari, huishi vizuri kuliko la chini ya kitanda.

Nipake mafuta gani kwenye ubao wa freti?

Kama ubao ni wa rangi ya giza na haujapigwa vanishi, mafuta ya limau ya kusafishia mbao, matone machache mara mbili kwa mwaka, kisha ufute yote. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanachacha, yanavuta uchafu na wadudu. Ubao mweupe uliopigwa vanishi haupakwi kitu. Ukibahatika kuwa na ubao wa mpingo, mti wetu wa kusini ambao dunia nzima huutengenezea klarineti, hauhitaji karibu chochote.

Betri ya gitaa langu inaisha kila wiki.

Unaacha waya umechomekwa. Kwenye magitaa mengi yenye betri ya volti 9, jeki ndiyo swichi. Chomoa ukimaliza.

Kinobu kinakwaruza nikikizungusha.

Vumbi na chumvi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme, tone moja ndani ya kinobu, zungusha mara ishirini. Usitumie mafuta ya bawaba. Kikiendelea, kibadilishwe, ni kifaa rahisi. Ukwaruzaji ukitokea unapotikisa waya, mwambie fundi aulehemu upya mwisho wa waya kabla hamjafungua gitaa.

Nalibebaje salama?

Kava lenye sifongo nene, nyuzi zikiangalia mgongo wako. Kwenye bodaboda kichwa cha gitaa kinapita juu ya kichwa chako, kwa hiyo angalia matawi na milango ya chini. Funguo za nyuzi nyingi nilizonyoosha zilipinda kwenye fremu za milango. Kwenye daladala simamisha gitaa kati ya magoti. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto linaweza kuipinda shingo. Ukifika ukumbini wenye kiyoyozi kutoka nje kwenye joto, fungua zipu na uliache dakika ishirini kabla ya kutuni. Ukitunia mlangoni, utatuni tena jukwaani.